Barua ya wazi: Mnazihesabu fedha za Uarabuni, mhesabuni na aliyezituma

Kwa:
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Kazi na Ajira,
Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje,
Ndugu Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania.

YAH: MABINTI WANAOFANYA KAZI ZA NDANI UARABUNI NA FEDHA WANAZOTUMA NYUMBANI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mkazi wa Buguruni, Dar es Salaam, mama wa watoto watatu wa kuwazaa na wawili wa kulea, na kwa mwaka wa saba sasa ni katibu wa kikoba cha akina mama mtaani kwetu. Hao wawili wa kulea ni wa mdogo wangu, tumbo moja, aliyeondoka hapa Februari 2022 kwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Alirudi Juni 2024 akiwa na begi moja na madai ya mishahara ya miezi saba.

Kabla ya kuandika hadharani nimepita njia ya kawaida. Nilikwenda kwa wakala aliyempeleka, nikakuta ofisi imehama na mlango umepangishwa kwa fundi simu. Nikaandika barua kwenye ofisi ya serikali inayoshughulika na masuala ya kazi. Walinipokea vizuri, wakagonga muhuri, wakaniambia nilete nakala ya mkataba. Nakala ilibaki kwa mwajiri, ndani ya kabati alimofungiwa pia pasipoti. Wakasema basi, kama mwajiri yuko nje, suala hilo ni la watu wa mambo ya nje. Kule nikaambiwa mshahara ni suala la kazi. Nikatuma barua pepe mbili kwenye anwani niliyopewa, na hadi leo sijajibiwa. Nimezungushwa hivyo kwa zaidi ya mwaka, kwa nauli yangu na kwa siku ambazo genge langu lilikaa limefungwa.

Sina ugomvi na mtumishi yeyote aliyeniambia "nenda kule". Naamini hata yeye hakuwa na fomu ya kujaza wala kitabu cha kuandika jina la mdogo wangu. Nalalamikia kukosekana kwa kitabu hicho, na ninyi watatu ndio mnaoweza kukiweka.

Naomba kwanza niwafungulie daftari la kikoba chetu. Tuko wanachama 30. Kumi na mmoja kati yetu tuna binti, dada au mdogo aliye Omani, Saudia au Dubai, au aliyewahi kuwa huko. Hisa zao zikiingia mwisho wa mwezi naandika pembeni "ya Omani", ili nijue mwezi ule yule dada asipolipwa nimtarajie nani achelewe. Ukilipitia daftari hilo unauona mtaa mzima. Januari zinatoka fedha za sare, madaftari na michango ya chakula cha shule, kwa sababu elimu bila ada iliyoanza 2016 haimvishi mtoto viatu. Machi na Aprili mvua zikipiga, zinatoka fedha za bati na za kupandisha msingi. Kuna mama alifanyiwa upasuaji kwa hela ya binti yake aliye Riyadh. Kuna kijana alinunuliwa cherehani mbili na sasa ana wasaidizi wawili. Muuza tofali wa Chanika hajui Muscat iko wapi, lakini anakula kutoka huko.

Wanaouliza kwa nini mabinti hawakai nyumbani, jibu lipo kwenye karatasi za serikali. Mdogo wangu alipoondoka, Amri ya Mishahara iliyokuwa ikitumika ni ile ya 2013, na kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri kilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Iliyofuata, iliyoanza Januari 2023, ilikifikisha 60,000. Mkataba alioonyeshwa wa Omani ulisema riali 80. Riali ya Omani imefungwa na dola, riali 1 ni takriban dola 2.60, kwa hiyo riali 80 wakati ule zilikuwa karibu shilingi 480,000. Ni mara kumi na mbili ya kima cha huku. Mama wa watoto wawili aliyeachwa na mume, anayefua nguo za watu Ilala, akiziona hesabu hizo hahitaji kushawishiwa na dalali.

Sasa nayaeleza malalamiko yangu, moja baada ya jingine.

1. Mikataba miwili

Mdogo wangu alipanda ndege uwanja wa Julius Nyerere akiwa na mkataba wa riali 80, mapumziko siku moja kwa wiki, na chumba chake mwenyewe. Ulikuwa wa Kiingereza na Kiarabu. Elimu yake ni ya darasa la saba. Alipofika Muscat, kabla hajafika hata nyumbani kwa mwajiri, aliwekewa karatasi nyingine kwenye ofisi ya wakala wa kule. Hiyo ilikuwa ya Kiarabu kitupu. Akaambiwa asaini ili apate kadi ya ukaazi. Mshahara kwenye karatasi ile ulikuwa riali 60, na siku ya mapumziko haikuwemo.

Akaipigia simu ofisi iliyompeleka. Akajibiwa: vumilia miezi mitatu, ukizoeleka watakuongeza.

Hakuongezwa. Miezi 20 alilipwa riali 60. Miezi 7 ya mwisho hakulipwa kabisa, akiambiwa kila mwezi kwamba fedha zinatunzwa atapewa zote siku ya kuondoka. Nimeipiga hesabu kama ninavyopiga za kikoba. Riali 20 zilizokatwa kwa miezi 20 ni riali 400. Miezi 7 kwa riali 80 za mkataba wa kwanza ni riali 560. Jumla ni riali 960, karibu dola 2,500. Hilo ndilo deni, na ninalisema kwa tarakimu ili asije mtu akaniambia nilete maelezo ya kutosha.

Mambo haya hamyasikii kwangu kwa mara ya kwanza. Novemba 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Omani na Falme za Kiarabu, baada ya kuzungumza na wanawake 50 waliofanya kazi hizo. Mle mna mishahara iliyopungua baada ya kufika, mna pasipoti zilizochukuliwa, mna wanawake waliofanya kazi hadi saa 21 kwa siku. Mdogo wangu aliondoka zaidi ya miaka minne baada ya ripoti ile kuchapishwa, akapita kwenye mlango uleule.

Naelewa kwamba sheria za wenzetu zimewaacha pembeni wafanyakazi wa ndani. Saudia ilipolegeza masharti ya wafanyakazi wa kigeni Machi 2021, hao hawakuguswa. Sheria ya Kazi ya Omani ya 2023 nayo imewaweka nje, ikasema watakuwa na kanuni zao. Kwa sababu hiyo hasa, karatasi ya wakala haitoshi. Kinachoweza kumfuata binti hadi jikoni kwa mwajiri ni makubaliano ya nchi na nchi, yenye mkataba mmoja tu unaotambulika pande zote mbili, ulioandikwa pia kwa Kiswahili.

2. Anayelipwa huku na kule

Dalali alichukua kwetu shilingi 700,000, akisema ni za medikali, picha, pasipoti na usumbufu. Pasipoti ada yake ni 150,000 na risiti yake tunayo. Iliyobaki haina risiti. Fedha zile zilikopwa kwenye kikoba chetu kwa riba ya asilimia 10, na aliyeandika mkopo ule daftarini ni mimi, kwa mkono wangu. Nimelifikiria jambo hilo usiku mwingi.

Kumbe mwajiri naye alikuwa amelipa kwa wakala wa kule. Alimwambia mdogo wangu wazi, siku alipoomba kuhamishwa nyumba: nimekununua, nirudishie kwanza gharama zangu ndipo uondoke. Basi binti analipiwa na mwajiri, na yeye mwenyewe analipa kwa mkopo, na mkopo huo ndio unaomfunga mdomo. Miezi minne ya kwanza hakututumia hela ya watoto. Alituma ya kulipa kikoba.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Namba 181 wa mwaka 1997, ibara ya 7, unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Huo ndio msimamo ninaouomba uwe amri hapa kwetu: anayetafutiwa kazi ya ndani nje ya nchi asitoe hata shilingi kwa wakala.

3. Hakuna wa kumpigia saa nane usiku

Uarabuni mfanyakazi huingia kwa jina la mwajiri. Mfumo huo unaitwa kafala, na mabinti wanauita "kuwa chini ya kafili". Kafili ndiye mwenye viza yake, na mara nyingi ndiye anayeshika pasipoti. Binti akitoka nyumba ile bila ruhusa, hata kama ametoka kwa kupigwa au kunyimwa mshahara, mwajiri anaweza kumripoti kwamba ametoroka, na kuanzia hapo yeye ndiye mkosaji.

Ilivyokuwa kwetu ni hivi. Mwezi wa 27, mdogo wangu alitoka alfajiri na begi lake akiwaaga watoto wa mwajiri aliowalea. Aliripotiwa. Alilala wiki kadhaa kwenye chumba cha wanawake wenzake wa Kitanzania. Sitataja ni mtaa gani, kwa sababu wapo wengine wanaolala hapo hadi leo. Tiketi ya kumrudisha tulichanga sisi wa Buguruni. Tukatuma fedha kutoka hapa kwenda Muscat, waheshimiwa. Sijawahi kusikia fedha zinazokwenda upande huo zikitajwa kwenye hotuba ya diaspora.

Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli unataja kuwalinda raia walioko ugenini miongoni mwa kazi za kwanza za ofisi za ubalozi. Binti wa kazi za ndani hawezi kufika ubalozini saa za kazi, kwa sababu hatoki. Anachohitaji ni namba ya simu inayopokelewa usiku, na mtu anayeongea Kiarabu atakayempigia mwajiri asubuhi yake.

4. Makato njiani (hili ni la Gavana)

Kwa kuwa hakuruhusiwa kutoka, mdogo wangu alikuwa akimpa dereva wa nyumba ile fedha amtumie. Dereva alikata chake. Kampuni ya kutuma ikakata. Kiwango cha kubadilishia fedha kikakata bila kujitaja. Huku nikaenda kwa wakala wa simu kutoa, nako wakakata.

Malengo ya Maendeleo Endelevu, namba 10, yanataka ifikapo 2030 gharama ya kutuma fedha za wahamiaji ishuke chini ya asilimia 3. Takwimu za Benki ya Dunia zinaonyesha kwamba kutuma dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara hugharimu wastani wa karibu asilimia 8, na ndilo eneo ghali kuliko yote duniani. Nichukue wastani huohuo. Mdogo wangu alituma takriban dola 150 kwa mwezi, maana chakula na malazi vilikuwa vya mwajiri. Asilimia 8 ni dola 12. Asilimia 3 ni dola 4 na nusu. Tofauti yake kwa miezi 20 ni dola 150, mshahara wake wa karibu mwezi mzima, wa kuamka saa kumi na moja alfajiri na kulala baada ya wageni kuondoka.

Serikali inaweza kupunguza ikitaka. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021 wananchi walilia, na Septemba ya mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Nilikuwa katibu wakati ule na niliona unafuu wake kwenye hisa za wanachama. Kwa hiyo ninapoomba sasa, naomba kwa watu ninaojua wanaweza kusikia.

Jambo la pili, Ndugu Gavana: Benki Kuu ya Kenya hutangaza kila mwezi ni kiasi gani kimetumwa kutoka nje na kimetoka wapi. Nasi tuwekewe takwimu za namna hiyo, za kila mwezi na kwa kila nchi, ambazo hata mimi wa darasa la kikoba nitazisoma. Ikijulikana kwamba Omani imetuma kiasi fulani, mtu atalazimika kuuliza ni nani waliokituma na wanaishije.

5. Watoto

Nimelisogeza hili hadi hapa kwa sababu ndilo gumu kwangu.

Mdogo wangu aliondoka binti yake akiwa na miaka saba na wa kiume akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili, ametoka tu kuachishwa ziwa. Tulikuwa tukizungumza naye kwa IMO, usiku, akishamaliza vyombo. Yule mkubwa alikuwa na mambo mengi ya kumwambia mama yake wiki za kwanza. Baadaye akawa anasalimia na kunirudishia simu. Akiwa darasa la tatu aliacha kabisa kuja kwenye simu, akisema anasoma. Mwalimu wake aliniita kuniambia mtoto anasinzia darasani. Nikaja kugundua alikuwa anaamka usiku kuangalia kama simu imeita.

Yule mtoto mdogo alikua akiniita mimi mama. Mama yake alikuwa "anti wa Omani", anayetuma nguo na pipi. Siku aliporudi, tulikwenda wote uwanja wa ndege. Mtoto alimpokea kwa adabu, akamwambia shikamoo anti, akarudi nyuma ya gauni langu. Sitaki kuwaeleza alivyolia mdogo wangu siku ile, wala nilivyojisikia mimi niliyekuwa nimeshikwa gauni.

Huko alikokuwa, alikuwa akilea watoto watatu wa mtu mwingine, na hadi leo mmoja wao anamtumia ujumbe wa sauti. Malezi yaliyokuwa ya Buguruni yalikwenda Muscat kwa riali 60, na hapa nyumbani pengo lake nililiziba mimi bila kulipwa. Wengine pengo hilo linazibwa na bibi wa miaka sabini au na binti wa miaka kumi na mbili anayeacha kucheza. Mtaani kwetu pekee ninawajua watoto wengi wa namna hiyo. Wengine wamevaa vizuri kuliko wenzao, na mtu wa nje anaweza kudhani hawana shida.

Walezi nao hatutambuliki popote. Nikienda shule naulizwa barua, nikienda hospitali naulizwa mzazi yuko wapi. Mtendaji wa mtaa alinisaidia kwa barua ya utambulisho, Mungu ambariki, lakini kila ofisi iliitaka mpya. Naomba pawe na fomu moja ya ulezi ambayo mama anaisaini kabla ya kupanda ndege, inayokubalika shuleni, hospitalini na ustawi wa jamii. Na afisa ustawi wa jamii wa kata apewe orodha ya watoto hao, awatembelee hata mara mbili kwa mwaka, awaulize wao wenyewe. Mimi ningefurahi kutembelewa. Yapo mambo mengi ambayo sikuyajua na hakukuwa na wa kumuuliza.

6. Anaporudi

Hapa nitakuwa mfupi. Anarudi hana akiba ya uzeeni, ingawa NSSF inapokea wanachama wa hiari na hakuna aliyemwambia. Anarudi anajua kupika vyakula vya Kiarabu, kutunza mgonjwa wa kisukari na kuendesha nyumba yenye watu kumi na wawili, na hana karatasi ya kuonyesha. VETA wanao utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Utaratibu huo uwafikie hawa. Na anarudi kwenye maneno. Ndugu wenyewe, waliojengewa choo kwa hela yake, walimwambia mchuma janga hula na wa kwao. Mbona alipochuma riali tulikula naye?

Najua yapo majibu matatu yanayoweza kunijia, na nimeyafikiria.

La kwanza ni kwamba wanaopata shida ni wale waliopita njia za panya. Mdogo wangu hakupita njia ya panya. Alikuwa na pasipoti yake, viza, mkataba wenye mihuri, na alipita mbele ya afisa kwenye dirisha. Kama njia hiyo nayo si ya halali, mama wa Buguruni ataijuaje ya halali? Orodha ya mawakala wenye leseni ibandikwe kwenye kila ofisi ya kata, ikiwa na tarehe ya leseni kwisha na namba ya kupigia.

La pili ni kufunga mlango, kwamba basi tuwazuie wasiende. Nawasihi msifanye hivyo. Ethiopia ilipiga marufuku mwaka 2013 na baadaye ikaiondoa. Marufuku haiondoi tofauti ya 40,000 na 480,000. Binti atapanda basi hadi nchi jirani, atarukia ndege huko, na akipatwa na jambo ataogopa hata kusema ni Mtanzania.

La tatu ni kwamba hatuwezi kuwapangia wenye nchi zao mishahara, na kwamba balozi zetu hazina fungu. Ufilipino si nchi tajiri, lakini mwishoni mwa 2006 iliweka kwamba raia wake hatoki kwenda kazi za ndani chini ya dola 400 kwa mwezi. Mwaka 2018, baada ya mwili wa Mfilipino kukutwa ndani ya friza Kuwait, ilisimamisha kupeleka wafanyakazi huko hadi makubaliano yalipotiwa saini Mei ya mwaka ule. Na mfuko wao wa ustawi wa wafanyakazi walio nje unaendeshwa kwa mchango wa dola 25 kwa kila mkataba. Dola 25 nazo zilipwe na mwajiri au wakala, na mwanasheria wa Muscat atapatikana. Sisi akina mama 30 wauza mboga na maandazi tumeendesha mfuko kwa miaka saba. Sioni kwa nini nchi ishindwe.

Nitaongeza pia ile danadana ya Bara na Zanzibar. Masuala ya kazi si ya Muungano, mambo ya nje ni ya Muungano, na mawakala wanaijua mianya iliyopo kati yake kuliko sisi. Binti wa Buguruni anaweza kuandikishwa upande mmoja na kusafirishwa kutoka mwingine, kisha akawa hana mwenyewe. Kaeni pamoja mlimalize. Halituhusu sisi kuwatafutia nani ajibu.

Ninachoomba, kwa hiyo, ni haya. Waziri wa Kazi: mkataba mmoja wa Kiswahili, marufuku ya kumtoza binti, orodha ya mawakala kwenye kata, na dhamana ya fedha kutoka kwa kila wakala ambayo italipa mshahara uliodhulumiwa ofisi ikihama. Waziri wa Mambo ya Nje: makubaliano ya kazi za ndani na kila nchi inayowapokea mabinti wetu, simu ya usiku, afisa wa kazi ubalozini, na kitabu cha majina, kila anayetoka kuandikwa na kila anayerudi kuulizwa. Gavana: makato yashuke kuelekea asilimia 3, na takwimu za kila mwezi. Suala la watoto mlibebe pamoja na wenzenu wa ustawi wa jamii, kwa sababu likiachiwa wizara moja litazungushwa kama nilivyozungushwa mimi.

Na kwa mdogo wangu, riali 960.

Limezungumzwa sana suala la Hadhi Maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine, na sina kinyongo nao, wana haki zao. Lakini hawa ninaowazungumzia hawajaukana uraia wowote. Wana pasipoti moja tu, ya Tanzania, na imefungiwa kabatini kwa mtu. Mnapowaita wadau wa diaspora kwenye kumbi za hoteli, waiteni na hawa walioko likizo na waliorudi. Mdogo wangu amekubali kuja kueleza mwenyewe, mbele ya yeyote mtakayemteua. Amenisomea barua hii mara mbili na amenirekebisha sehemu moja: nilikuwa nimeandika kwamba mwajiri alimnyima chakula, akasema hapana, chakula alipewa, tusimsingizie.

Nitasubiri siku 60 kuanzia leo. Nakala za risiti, tiketi, miamala ya simu ya miezi 20 na barua zenye mihuri ya kupokelewa nimezitoa tatu tatu, kila mmoja wenu na fungu lake. Nipo gengeni kila siku hadi saa mbili usiku, isipokuwa Jumapili mchana ambapo tunakutana kikoba. Jumapili ijayo wanachama wawili walikuwa waombe mkopo wa kuwasafirisha mabinti zao. Nimewaomba wasubiri jibu lenu kwanza, nao wamenipa hizo siku 60.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa kikoba,
Buguruni, Dar es Salaam.

Nakala:
Mbunge wetu;
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa;
Wanachama wote wa kikoba.